Kilo 10 za servo si kilo 10 za mzigo

Marahaba, vijana wangu. Hili la "fundi, servo yangu ni ya kilo 10, mbona inashindwa na kopo la nusu kilo?" tulimalize leo. Servo ni mota inayogeuza mkono wa roboti hadi pembe unayoiagiza. Hizo kilo zake ni kilo kwa sentimita: kilo 10 ukizining'iniza sentimita 1 kutoka kwenye shafti, yaani kijiti chake kinachozunguka. Mkono wa sentimita 15 unazigawanya kwa 15. Tena hiyo ni nguvu ya servo iliyokwama na inachemka, si ya kufanyia kazi.

Pigeni hesabu kwanza, maana kifaa kikiagizwa Kariakoo kikapanda basi hadi Mbeya au Iringa, ukikosea unalipia mara mbili. Chukua mkono ukiwa mlalo, hapo ndipo unapoelemewa zaidi. Kopo: kilo 0.5 × sentimita 15 = 7.5. Mkono wenyewe, gramu 60, uzito wake uko katikati: 0.45. Koleo na kiservo chake, gramu 50 kwenye ncha: 0.75. Jumla 8.7. Servo aina ya MG996R kwa volti 4.8 imeandikwa 9.4, kwa hiyo hapo iko ukingoni. Kopo la gramu 100 linashusha jumla hadi 2.7, na servo inapumua. Mimi hutumia theluthi ya namba ya dukani. Si kanuni ya fizikia, ni tahadhari, kwa sababu nakala za bei rahisi mara nyingi hazifikii kilichobandikwa.

Ipime: funga rula kwenye servo, ning'iniza chupa sentimita 10 kutoka shafti, ongeza maji kidogo kidogo. Ikigoma chupa na maji vikiwa gramu 600, una 6. Kata umeme papo hapo. Gia za plastiki za servo ndogo ya SG90 hunyofoka meno.

Kwa magurudumu, mota za njano zinatosha roboti nyepesi kwenye ubao tambarare. Ila L298N, bodi inayoendesha mota hizo, hula karibu volti 2, hivyo betri nne za AA zinaiachia mota volti 4 hivi.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni servo kubwa kulishwa kutoka pini ya 5V ya Arduino, ile bodi ndogo inayobeba programu ya roboti. MG996R ikikwama huvuta hadi ampea 2.5, na USB ya kawaida ni nusu ampea. Volti zinaanguka, bodi inajiwasha upya, nanyi mnakesha mkirekebisha programu isiyo na kosa. Ipeni chanzo chake cha volti 5 hadi 6, ampea 3 kwa kila servo kubwa, na kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo) ya maikrofaradi 1000 karibu nayo, hasi kwa hasi. Kisha unganisheni waya hasi wa chanzo hicho na GND (pini hasi) ya Arduino. Ukisahaulika huo, servo hutetemeka hovyo.