Je, wajua kwa nini jasho la ukomo wa hedhi humtoka mtu asiye na homa, na kwa nini si lenyewe linalonuka?

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua wanawake waliofikia umri wa kukoma hedhi, hasa wanaofanya kazi mbele za watu, ni ile isemayo kwamba jasho linalowatoka ghafla ni jasho chafu. Dhana hiyo huja kwa sura mbili. Ya kwanza husema kwamba damu iliyokuwa ikitoka kila mwezi sasa haina njia, kwa hiyo taka zake hutafuta mlango kwenye ngozi. Ya pili, inayojivika vazi la sayansi, husema kwamba mwili umepata joto kupita kiasi, umetoa jasho jingi, na penye jasho jingi hapakosi harufu nyingi. Zote mbili zimekosea, na ya pili imekosea mara mbili.

Habari ya damu haichukui muda. Hedhi ni utando wa ndani wa mji wa mimba unaojengwa kila mwezi na kubomoka pale mimba isipotunga. Kuondoa taka mwilini ni kazi ya figo na ini, ambayo haikuwahi kukabidhiwa hedhi hata siku moja. Ovari zikipunguza homoni, utando haujengwi tena, na kisichojengwa hakiwezi kurundikana wala kutafuta pa kutokea. Madaktari huhesabu kwamba hedhi imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, jambo ambalo kwa wanawake wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55, ingawa joto la ghafla na jasho huweza kuanza miaka kadhaa kabla ya hapo.

Habari ya joto ndiyo yenye uhondo. Mwanamke anayepatwa na joto la ghafla huhisi moto ukipanda kutoka kifuani kwenda shingoni na usoni, moyo humdunda, jasho humtiririka chini ya kilemba, na baada ya dakika chache huanza kuona baridi. Katika nchi ambako karibu kila ugonjwa huanza kwa kushukiwa kuwa malaria, wengi hukimbilia kupima, majibu hurudi safi, nao hupima tena. Lakini angewekewa kipimajoto pale pale jasho linapomtoka, kingeonyesha kwamba hana homa. Ngozi yake ni ya moto kwa sababu damu imesukumwa kwa wingi kwenye mishipa ya juu, ila joto la ndani ya mwili halijapanda kwa kiasi cha kuhitaji jasho lote hilo, na baada ya jasho kukauka hushuka kidogo chini ya kawaida. Ndiyo maana ile baridi hufuata. Kwenye homa mpangilio ni kinyume: ubongo hupandisha kiwango cha joto unachokitaka, mgonjwa akaanza kwa kutetemeka na kujifunika blanketi, na jasho likaja mwishoni homa inaposhuka.

Ili kuelewa kwa nini mwili ujipooze wakati haujachemka, tufikirie kiyoyozi cha ofisini, ambacho kwa vyovyote hakikosi kesi. Kimewekwa kianze kufanya kazi chumba kikifika nyuzi 26 na kizime kikishuka hadi 24. Kati ya hapo kinakaa kimya: mlango ukifunguliwa, mtu akiingia na chai ya moto, au jua likihama dirishani, hakijali, kwa kuwa kimeachiwa nafasi ya kuvumilia. Sasa fundi asiye makini aichezee mitambo hiyo na kuishusha alama ya juu mpaka ikutane na ile ya chini. Chumba hakijabadilika hata kidogo, lakini kila mlango unapofunguliwa kiyoyozi kinanguruma kwa nguvu zake zote, kinapooza chumba kupita kiasi, kinazima, kisha kinangoja kisingizio kingine. Mtu wa nje angesema kwamba chumba kina joto sana. Ukweli ni kwamba chumba hakina kosa, kilichoharibika ni uvumilivu wa mashine.

Mashine hiyo mwilini ni sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Robert Freedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, walipima katika miaka ya 1990 upana wa nafasi hiyo ya kuvumilia. Kwa wanawake waliokoma hedhi bila kusumbuliwa na joto la ghafla, ilikuwa takriban nyuzi 0.4 za Selsiasi. Kwa waliokuwa wakisumbuliwa, ilikuwa karibu sifuri. Kikombe cha chai, ngazi za ghorofa moja au swali kali la bosi kwenye kikao vinatosha kabisa kuivuka alama ya namna hiyo.

Nani aliyeishusha alama? Mwaka 1990 Naomi Rance, mtaalamu wa magonjwa ya ubongo, alichapisha matokeo ya kuchunguza ubongo wa wanawake waliofariki, akaonyesha kwamba baada ya kukoma hedhi kundi fulani la seli za neva kwenye haipothalamasi huvimba. Mtu angetarajia kwamba kiungo kinachopoteza homoni kinyauke. Hizi zilikuwa zimenenepa. Baadaye ilifahamika kwamba estrojeni, homoni ya ovari, ndiyo iliyokuwa ikizituliza, na kwamba zikiachwa bila mtulizaji hutoa kwa wingi kemikali iitwayo nyurokinini B, inayozigusa seli jirani zinazosimamia joto. Mwaka 2015 watafiti wa London waliwatilia wanawake wenye afya, ambao hedhi zao zilikuwa bado zinaendelea, kemikali hiyo kupitia mishipani, na joto la ghafla likawapata wasiohusika nalo. Ni mara chache dalili iliyodharauliwa kwa karne nyingi kuwa ni hisia tu za wanawake hujibiwa kwa ushahidi wa wazi namna hiyo.

Sasa twende kwenye harufu, ambako kosa la pili limekaa. Mwili una tezi za jasho za aina mbili kuu. Tezi za ekrini, zinazokadiriwa kuwa kati ya milioni 2 na 4, zimetapakaa karibu kila mahali, na jasho lake ni maji na chumvi kidogo, yasiyo na harufu ya kutajwa. Tezi za apokrini ziko kwapani, sehemu za siri na kuzunguka chuchu, huamka wakati wa balehe, na hutoa ute mzito kidogo wenye mafuta na protini. Hata ute huo unapotoka huwa karibu hauna harufu. Wanaopika kikwapa ni bakteria wa ngozini, ambao huumeng'enya na kuacha asidi za mafuta zenye uvundo pamoja na viambata vya salfa ambavyo pua huvikamata hata vikiwa kidogo mno. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, wakishirikiana na kampuni ya Unilever, walieleza umbo la kimeng'enya anachokitumia bakteria mmojawapo, Staphylococcus hominis, kutengenezea viambata hivyo vya salfa. Hata ute wenyewe hutegemea urithi. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2006 kwamba jeni iitwayo ABCC11 huamua kama nta ya sikio itakuwa ya majimaji au kavu, na baadaye ikaonekana kwamba wenye nta kavu, ambao ni wengi sana Asia ya Mashariki na wachache mno Afrika, huwa na kikwapa kidogo au hawana kabisa. Kutabiri harufu ya kwapa kwa kukagua sikio la mfanyakazi mwenzako si jambo la kupendekezwa, ingawa kisayansi lina msingi.

Kwa hiyo wimbi la jasho linalomlowesha mwanamke usoni, shingoni na kifuani katikati ya kikao ni kazi ya ekrini, yaani maji yaliyotumwa kupooza joto lisilokuwepo. Lisingeweza kunuka lenyewe hata likijaa kikombe. Hata hivyo si haki kulisafisha kabisa, kwa kuwa kwapa nalo lina tezi za ekrini, na kwapa linaloloa mara kumi kwa siku ni makazi mazuri kwa bakteria kuliko kwapa kavu. Aidha, tezi za apokrini huitikia mno hofu na msongo. Mwanamke anayeketi akihofia kwamba wenzake wanamnusa anaweza, kwa hofu hiyo hiyo, kuwapelekea bakteria chakula ambacho joto la ghafla peke yake lisingewapelekea.

Je, ukomo wa hedhi wenyewe hubadilisha harufu ya mwili? Hapa ushahidi ni haba, na sabuni zinazouzwa kwa madai hayo ni nyingi kuliko tafiti. Mwaka 2001 watafiti wa kampuni ya vipodozi ya Shiseido, Japani, waliripoti kiambata kiitwacho 2-nonenali, chenye harufu ya mafuta na majani, kwa watu wa miaka 40 na kuendelea, wanawake kwa wanaume. Waliochunguzwa walikuwa 22 tu. Mwaka 2012 utafiti wa Monell, kituo cha kuchunguza harufu na ladha cha Philadelphia, uliwanusisha watu vitambaa vilivyovaliwa kwapani na watu wa rika mbalimbali, na harufu ya wazee ikahukumiwa kuwa si kali wala si ya kuudhi kama ile ya vijana na ya watu wa makamo. Isitoshe, pua huizoea harufu inayoishi nayo kwa dakika chache tu, kwa hiyo mtu ni shahidi dhaifu kuhusu kikwapa chake: anayenuka huenda hajui, na anayejihofia huenda hanuki. Kumuuliza dada au mwandani anayesema kweli kuna thamani kuliko kujinusa chooni mara tano.

Ikiwa karakana ya harufu iko kwapani na kwenye nguo, basi hapo ndipo pa kushughulika. Manukato na kufukiza udi huongeza harufu juu ya harufu, bila kuigusa kazi ya bakteria. Dawa za kuzuia jasho zenye chumvi za aluminiamu huziba vinyweleo kwa muda, nazo hufanya kazi vizuri zaidi zikipakwa usiku kwenye kwapa kavu, wakati jasho ni kidogo, kuliko asubuhi mbio mbio kabla ya daladala. Shabu wanayoitumia wengi pwani nayo ni chumvi ya aluminiamu na hupunguza bakteria, ingawa haizuii jasho kwa nguvu ile. Ndimu ni habari nyingine: asidi yake huwaudhi bakteria, lakini maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi inayopigwa na jua huweza kuiunguza na kuacha mabaka.

Nguo inastahili lawama kuliko inavyopewa. Chukua blauzi ya sare ya poliesta iliyofuliwa jana na inayonukia sabuni, uipige pasi, na joto la pasi likifika kwapani harufu ya juzi inafufuka. Poliesta haifyonzi maji, ila hushikilia mafuta, na mafuta hayo hayatoki yote kwa maji baridi. Watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walilinganisha mwaka 2014 fulana zilizovaliwa mazoezini, na za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, huku bakteria wa jamii ya Micrococcus wakistawi zaidi kwenye poliesta. Mwajiri anayechagua sare nzito ya poliesta kwa ofisi ya Dar es Salaam au Mombasa, ambako unyevu wa hewa tayari unalizuia jasho kukauka, anawatengenezea tatizo watumishi wake wote, na wa miaka 50 wanalipata mara mbili. Blauzi ya pamba na koti jepesi la kuvua na kuvaa, pamoja na kiti kilicho karibu na feni, ni maombi madogo ambayo hayahitaji mtu ajieleze.

Feni huleta nafuu ya hapo hapo, ila haipunguzi idadi ya vipindi vyenyewe. Jumuiya ya wataalamu wa ukomo wa hedhi ya Amerika Kaskazini, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu tiba zisizo za homoni, haikuzipendekeza mbinu za kujipooza wala kuepuka vichochezi kama tiba, kwa kukosa ushahidi. Iliipendekeza tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kubadilisha namna anavyolifikiria tukio. Majaribio ya Uingereza yaliyoongozwa na mwanasaikolojia Myra Hunter, likiwemo moja lililofanywa kwa wanawake walio kazini kwa kutumia kijitabu cha kujisomea, yalionyesha kwamba tiba hiyo hupunguza hasa kero ya joto la ghafla. Kwa tatizo ambalo hofu ni sehemu ya chanzo chake, hilo si jambo dogo.

Kwa upande wa dawa, estrojeni bado ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa ushauri wa daktari na si kwa kila mtu, kwani aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu huhitaji njia nyingine. Marekani iliidhinisha mwaka 2023 dawa iitwayo fezolinetanti, inayoizuia nyurokinini B isipokelewe, kisha mwaka 2024 ikaiongezea onyo kali kuhusu madhara kwa ini. Kungoja tu yapite kunaweza kuchukua muda: utafiti mkubwa wa wanawake wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba dalili hizi hudumu kwa wastani wa kati wa miaka 7.4, na zaidi ya 10 kwa wanawake weusi wa huko, ingawa takwimu hiyo haiwezi kuhamishiwa Tanga au Kisumu bila kupimwa.

Yako mambo mawili yasiyopaswa kutupiwa ukomo wa hedhi. Harufu inayotoka ukeni, au ya mkojo unaovuja mtu anapokohoa, ina sababu zake na tiba zake kliniki, na kujiosha ndani kwa sabuni huizidisha. Na jasho la usiku linaloambatana na kikohozi kisichoisha, homa au kupungua uzito linahitaji kipimo cha makohozi, kwa kuwa kifua kikuu hakichagui umri.