Kipepeo anayeonja mndimu kwa miguu

Jumamosi mama mmoja mwenye kitalu cha miche hapa Ipuli, Tabora, aliniita. "Mwanangu, wewe mtu wa wadudu, hebu njoo uone. Miche ya ndimu imeliwa, ya maembe iliyo pembeni haijaguswa hata jani!" Nikamwamkia, nikachuchumaa kuangalia.

Hatukukaa sana, mhusika akaja mwenyewe: kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, Papilio demodocus. Miembe aliipita bila kusimama. Alipofika kwenye ndimu alitua juu ya jani changa, mabawa yakiendelea kupepea, miguu ya mbele ikalipigapiga jani harakaharaka kama vidole juu ya ngoma. Kisha akakunja tumbo, akabandika yai moja la njano iliyofifia, dogo kama punje ya ulezi. Akaruka.

Kule kupigapiga ndiko kuonja. Miguu ya mbele ya jike ina vinyweleo vyenye neva za ladha. Macho na harufu humfikisha mtini, lakini uamuzi wa kutaga hufanyika mguuni. Na lazima awe makini, kwa sababu kiwavi akianguliwa kwenye mti asioweza kuula, hana nguvu za kutafuta mwingine.

Anaonja nini hasa? Wajapani wamelichunguza hili kwa miaka mingi kwa ndugu yake, Papilio xuthus. Kemikali moja haitoshi. Jike anataka mchanganyiko: ukimpa mojamoja hatagi au anataga kidogo mno, ukizichanganya anataga hata kwenye jani bandia. Mojawapo ni sinefrini, na mwaka 2011 walieleza protini ya mguuni inayoitambua. Walipopunguza kazi ya jeni inayotengeneza protini hiyo, sinefrini haikumshawishi tena jike kama mwanzo.

Kinachonigusa zaidi ni hiki: mndimu si mti wa asili wa Afrika, uliletwa kutoka Asia. Kipepeo wetu alikuwa akitaga kwenye miti ya porini ya ukoo huohuo. Mgeni alipofika, mguu ulikuta ladha ya nyumbani. Kusini mwa Afrika anataga hata kwenye shamari, mmea wa ukoo mwingine kabisa, ila kemikali zake zinakaribiana na za ndimu. Sisi tunapanga mimea kwa maua na matunda, yeye anaipanga kwa ladha.

Mama akauliza apulize dawa gani. Nikamwambia kwa kitalu kidogo kama chake mkono unatosha: aokote viwavi kila asubuhi. Wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege. Wakubwa ni wa kijani, na ukiwagusa wanachomoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Nikamwomba ule mche wenye yai auhamishie uani, uliwe tu. Akakubali.

Jana jioni nilipita kuliangalia. Yai limeanza kuwa jeusi.