Pipa la chuma au mfuko wa plastiki? Kwa wanaoomba kibali cha kiwanda cha dawa za kibayolojia

Makontena ya kiwanda cha chanjo cha BioNTech, kampuni ya Ujerumani, yaliposhushwa Kigali Machi 2023, wapo waliodhani kiwanda cha dawa za kibayolojia, yaani dawa zinazotengenezwa na seli hai, sasa kinaagizwa na kuunganishwa kama jenereta. Kontena ni jengo tu. Sisi wakaguzi wa dawa tunachokagua ni mchakato.

Tuanze na chombo cha kukuzia seli, yaani bioriakta. Pipa la chuma cha pua huweza kubeba lita 10,000 na zaidi, ila kila toleo (mkupuo mmoja wa uzalishaji) likiisha lioshwe kwa kostiki soda, lisuuzwe kwa maji safi ya kiwango cha kutengenezea dawa za sindano, kisha lipigwe mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 30 hivi. Valvu moja ikibakiza maji, bakteria wamepata makazi. Mfuko wa kutumia mara moja huja umeshatakaswa kwa mionzi ya gama, hauoshwi, lakini mingi huishia lita 2,000, na ukitoboka wakati wa kufungwa, kazi ya wiki mbili imekwenda na maji. Tena kiambata kinachowekwa kulinda plastiki isichakae huweza kuvunjika kwa mionzi hiyo hiyo na kuacha kemikali inayodumaza seli. Ndiyo maana tunadai vipimo vya kemikali zinazochujuka kutoka kwenye mfuko. Risiti ya ununuzi haitusaidii.

Virusi navyo havichagui chombo. Mwaka 2009 kiwanda cha Genzyme cha Allston, Marekani, kilisimamisha uzalishaji baada ya Vesivirus 2117 kuingia kwenye bioriakta, na wagonjwa wanaotegemea Cerezyme na Fabrazyme, dawa zake za magonjwa adimu ya kurithi, wakapungukiwa dawa.

Kuhusu uhakiki, yaani kuthibitisha kwamba mchakato hutoa matokeo yale yale kila mara: kwa kawaida matoleo 3 mfululizo, kwa ukubwa halisi wa uzalishaji, si wa maabara. Ujazaji wa vichupa hujaribiwa mara 3 kwa lishe ya vijidudu badala ya dawa. Vichupa hukaa siku 14 na lengo ni kisioteshe vijidudu hata kimoja. Jaribio hurudiwa kila miezi 6. Kubadili ukubwa wa bioriakta huombewa kibali kabla, na tafadhali msituandikie tena kwamba “dawa ni ile ile”. Oksijeni au pH (kipimo cha uasidi) ikiyumba, sukari zinazoshikamana na protini hubadilika, na dawa huweza kubadilika nazo.

Dosari ya hatari ikionekana, cheti huweza kusitishwa na matoleo yaliyo sokoni kurudishwa, gharama ikibaki kwa mwenye kibali. Dosari ndogo hupewa muda wa kurekebishwa, kwa maandishi na ushahidi.

Michoro ya vyumba, mabomba na mtiririko wa hewa iletwe kabla ya kumwaga zege.