Kwa nini nabania virusi ninapoingiza jeni kwenye seli

Wanaoanza kazi hii huniuliza: kama kirusi ndicho kinachopeleka jeni, si tumwage vingi ili kila seli ipate? Mwage ukipenda. Utapata seli zinazong'aa kijani kibichi (mng'ao wa protini ambayo jeni yake kirusi hubeba kama alama) na matokeo nisiyoweza kuyaamini.

Mara nyingi natumia lentivirusi, iliyotengenezwa kutokana na VVU baada ya kuondolewa sehemu kubwa ya jeni zake. Zinazohitajika hugawanywa kwenye plazimidi (vipande vya DNA vya mviringo) nne: moja hubeba jeni ninayoipeleka, mbili hutoa protini za kuunda na kufungasha kirusi, na ya nne hutoa protini ya nje, ambayo kwa kawaida ni ya VSV, kirusi cha ng'ombe na farasi. Zote huingizwa kwenye seli za HEK293T, seli za figo ya binadamu zinazokuzwa maabara, na virusi huvunwa baada ya saa 48 hadi 72. Kinachofungashwa ni ujumbe wa plazimidi ya kwanza tu, hivyo kirusi hakiwezi kuzaliana. (Glavu bado ni lazima. Kisichozaliana kinaweza kuingia mara moja, na mara moja inatosha.)

Kikishaingia, RNA yake hugeuzwa kuwa DNA na kushonwa kwenye kromosomu, hata katika seli zisizogawanyika, kama Luigi Naldini na wenzake walivyoonyesha mwaka 1996. Huko kushonwa ndiko kunakonifanya mchoyo. Kila nakala hutua mahali nisipoweza kupachagua na inaweza kuvuruga jeni jirani, na virusi havijigawi sawasawa. Ukiweka kwa wastani kirusi kimoja kwa kila seli, takriban asilimia 37 ya seli hukosa kabisa, 37 hupata kimoja, na zaidi ya robo hupata viwili au zaidi. Shusha wastani hadi 0.3: robo tu ya seli zitaambukizwa, lakini kati ya hizo karibu asilimia 86 zina nakala moja. Zilizokosa naziua kwa puromaisini, dawa inayoua seli, kwa kuwa kirusi changu hubeba pia jeni ya kuhimili dawa hiyo.

Kujua idadi ya virusi ndiyo kazi yenyewe. Kipimo cha p24, protini ya ganda la ndani la kirusi, huhesabu hata chembe zisizoweza kuambukiza, kwa hiyo sikitegemei peke yake. Nazimua virusi kwa viwango tofauti, naambukiza seli zilezile nitakazofanyia jaribio, maana kiasi kinachotosha HEK293T huenda kisizifikie limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu), kisha siku ya tatu nahesabu zinazong'aa. Nachukua hesabu kwenye visima vya sahani ya maabara ambamo seli zinazong'aa ni chini ya asilimia 20; juu ya hapo zilizoambukizwa mara mbili huongezeka, na kila moja bado inahesabiwa moja.