Raga ya kugusa wakati wa korona: daftari la fizio wa klabu ya mtaani

Majuzi kocha wa timu moja ya vijana hapa Mombasa alinipigia simu kuniomba daftari langu la mwaka 2020. Wanaandika mpango wa namna watakavyoendesha mazoezi ukizuka tena ugonjwa unaoenea kwa hewa, na amesikia kwamba mimi, nikiwa fizio, yaani tabibu wa viungo, wa klabu ya raga ya mtaani, niliandika karibu kila jambo tulilolifanya tuliporudi uwanjani. Nikalitoa kabatini na kulisoma lote kwa usiku mmoja. Kurasa kumi na moja ni za kusafisha mipira. Usafiri wa wachezaji umepata nusu ukurasa. Laiti ningekuwa naliandika leo, hesabu hiyo ningeigeuza.

Tukumbushane kidogo. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 kafyu ikaanza, na Aprili 8 Mombasa ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, hadi Julai 7. Ligi zilikuwa zimeshasimama. Wachezaji wetu ni mafundi, vibarua wa bandarini, wanafunzi na bodaboda. Wengi walikuwa wanaishi chumba kimoja na watu wanne au watano. Mmoja wao, wa mstari wa mbele, mwenye kilo zaidi ya mia, alikuwa akinitumia video akinyanyua mtungi wa maji wa lita 20 barazani kwao huku wadogo zake wakimhesabia. Nikiitazama ile video nilijua kwamba hata uwanja ukifunguliwa, raga tuliyoizoea haitarudi siku hiyo hiyo.

Sababu ni skramu. Watu kumi na sita, wanane kila upande, wanafungamana vichwa na mabega, na wale wa mbele wanakaa shavu kwa shavu na mpinzani wakipumua kwa nguvu zote. Raki (kurundikana juu ya mpira ulio chini) na moli (kumzonga aliyeshika mpira akiwa amesimama) nazo ni hivyo hivyo kwa muda mfupi zaidi. Wakati huo kipimo kilichotumiwa na wataalamu wengi kilikuwa jumla ya dakika 15 za kukaribiana na mtu mwenye virusi, na katika mechi ya kawaida watano wa mbele ndio waliokuwa karibu zaidi kuzifikia. Mei 2020 World Rugby, shirikisho la raga la dunia, ilitoa marekebisho ya sheria yasiyo ya lazima, kama vile kuacha kurudia skramu iliyoanguka, na ikakadiria kwamba hilo lingepunguza mgusano wa skramu kwa zaidi ya asilimia 30. Kwa timu ya kulipwa yenye maabara na daktari, asilimia 30 ni kitu. Kwetu sisi tuliokuwa na kipimajoto kimoja, njia ya kweli ilikuwa kuiondoa skramu kabisa.

Ndipo tukaingia kwenye raga ya kugusa. Mchezo huu ulizaliwa Sydney, Australia, katika miaka ya 1960, na kwa kawaida wanacheza sita kila upande. Mwenye mpira akiguswa kwa mkono, anasimama, anauweka chini, anauvuka, mwenzake anauchukua na mchezo unaendelea. Mkiguswa mara sita, mpira unakwenda kwa wapinzani. Hakuna kukabana, hakuna skramu, hakuna moli. Watu wawili wanakuwa karibu uso kwa uso kwa sekunde moja au mbili tu, kisha wanaachana. Uingereza nako chama cha raga kilibuni mchezo wa aina hiyo kwa klabu za mitaani, kikauita Ready4Rugby. Sisi tuliongeza sharti letu moja: mguso uwe wa kiunoni au mgongoni, kwa mkono mmoja, na aliyegusa arudi nyuma mita saba akiwa ameufunga mdomo. Hilo la mdomo ni gumu kuliko linavyosikika, maana mlinzi wa raga amefundishwa tangu utotoni kupiga kelele.

Kuhusu mipira sitasema mengi. Tuliiosha kwa sabuni, tukaibadilisha kila robo saa, tukawapanga vijana wawili kazi yao ikawa kufuta tu. Aprili 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kushika sehemu yenye virusi ni chini ya mara 1 kati ya 10,000 kwa kila mguso. Kunawa mikono ni kuzuri, na kipindupindu hakijaacha kututembelea hapa Pwani, kwa hiyo ndoo na sabuni zibaki. Lakini uangalifu wa watu una kikomo. Tuliumalizia kwenye mpira.

Hewa ndiyo iliyostahili uangalifu huo. Wachunguzi wa China walipitia visa 7,324 vya mwanzo wa mwaka 2020 wakitafuta maambukizi yaliyotokea nje ya majengo, wakapata tukio moja tu, la watu wawili waliokuwa wakizungumza. Sasa linganisha na mechi ya hoki ya barafu iliyochezwa Florida, eneo la Tampa Bay, tarehe 16 Juni 2020. Ilikuwa mechi ya watu wa kawaida wanaocheza kujifurahisha kama sisi, timu mbili za watu 11, ndani ya jengo lenye ubaridi. Katika siku tano zilizofuata wachezaji 14 kati ya 22 walipata dalili, pamoja na mfanyakazi mmoja wa ukumbi. Kukimbia, kuhema na kupishana kwa karibu kulikuwapo kama kwetu. Kilichokosekana ni upepo.

Mombasa tuna upepo. Uwanjani kwetu kuanzia saa kumi jioni unavuma kutoka baharini hata koni za plastiki zinahama. Tatizo letu lilikuwa njia ya kufika huko. Karibu theluthi moja ya wachezaji wanatoka Likoni, na anayetoka Likoni anavuka feri. Aliyewahi kupanda feri ile saa kumi na mbili jioni anajua msongamano wake; siku ya kwanza ya kafyu watu walirushiwa mabomu ya machozi wakiwa kwenye foleni ya kuvuka. Daraja la Liwatoni la waenda kwa miguu lilikuja kusaidia mwanzoni mwa 2021. Sisi tulianza Oktoba 2020, kabla yake. Nilikuwa nawapima joto vijana langoni, nawapaka dawa mikononi, nawapanga mita mbili mbili, ilhali nusu saa kabla walikuwa wamesimama bega kwa bega na mamia ya watu, na baada ya mazoezi wangesimama hivyo tena.

Novemba, katika mvua za vuli, wachezaji watatu waliugua wiki moja. Nilichora ramani ya mazoezi ya Jumamosi iliyotangulia: nani alicheza upande gani, nani alimgusa nani. Wawili walikuwa timu moja, wa tatu timu nyingine, na uwanjani hawakukaribiana kwa muda wa maana. Nikamuuliza nahodha walikujaje. Akaniambia, “Dokta, walikuja kwa gari moja, mvua ilikuwa inanyesha, vioo vikafungwa.” Safari ya dakika arobaini kwenye foleni ya magari. Kati ya wengine kumi na tisa waliocheza nao siku hiyo, hakuna aliyepata dalili. Watu watatu hawathibitishi kitu, najua. Ila baadaye ulichapishwa uchunguzi wa Uingereza kuhusu raga ya ligi (rugby league), aina nyingine ya raga, mechi nne za Super League ambamo wachezaji wanane walicheza wakiwa na virusi bila kujua. Huo ni mchezo wa kukabana hasa, na bado maambukizi yaliyofuata yalielekea kutokana na mambo ya nje ya mechi zenyewe.

Baada ya hapo tulibadilisha mpango wote. Tuliigawa timu kwa mitaa: Likoni wakafanya mazoezi Likoni, Kisauni wakabaki Kisauni, Changamwe hivyo hivyo, na kocha ndiye aliyezunguka. Jumamosi moja kwa mwezi tulikutana wote, saa moja asubuhi, wakati feri ina nafasi na jua halijakolea. Aliyelazimika kupanda gari alivaa barakoa na kufungua vioo, mvua inyeshe isinyeshe. Chumba cha kubadilishia nguo tulikifunga. Mtu anakuja amevaa jezi na anaondoka nayo. Kila mtu na chupa yake ya maji. Mduara wa kuombeana na kupeana moyo kabla ya mchezo tuliupanua mpaka ukawa mkubwa kama boksi la penalti. Na mlo wa pamoja baada ya mechi, ule wa kuketi ndani na wapinzani mpaka giza linaingia, tuliusimamisha. Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu kwa baadhi ya vijana wetu ule ndio mlo mkubwa wa wiki.

Mlo huo unanifikisha kwenye dodoso la dalili. Kila mchezaji alijaza karatasi: una homa? unakohoa? umepoteza harufu? Kwa wiki sita majibu yote yalikuwa hapana. Mtu wa kibarua akiandika ndiyo, anajua atatakiwa kujitenga siku kumi na nne, na siku kumi na nne bila kibarua ni kodi ya nyumba na unga wa watoto. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa. Nahodha ndiye aliyelitatua. Alianzisha mchango wa kapu: kila mwenye kazi anatoa kidogo, na atakayejitenga anapelekewa mchele, unga, mafuta na maharage mlangoni, bila kutangazwa. Wiki iliyofuata nilipata ndiyo mbili. Klabu inayopanga kurudi uwanjani katikati ya ugonjwa ianze na kapu, ndipo ichapishe dodoso.

Sasa nije kwenye kazi yangu hasa, miili. Watu hudhani raga ya kugusa ni nyepesi kwa kuwa haina kukabana. Kwa mapafu na kwa misuli ya miguu ni nzito kuliko ya kawaida: unakimbia mbele, unasimama ghafla, unarudi kinyumenyume, unageuka, na hakuna skramu ya kukupumzisha. Yule kijana wangu wa kilo mia hakuwahi kukimbia hivyo maisha yake yote, na alikuwa ametoka kukaa miezi sita. Mwaka 2011 ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, ilifungwa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya mgogoro wa mikataba. Iliporudi, katika siku 12 za kwanza za kambi wachezaji 10 walichanika kano ya kisigino. Hao ni watu wenye wakufunzi binafsi.

Kano inapata damu kidogo kuliko msuli, kwa hiyo inaimarika polepole. Mchezaji akifanya mazoezi wiki tatu, pumzi inarudi, msuli unarudi, anajiona mzima, naye anaikimbiza kano ambayo bado imelala. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya kushika mpira niliwapa kunyanyua visigino kwenye ngazi, polepole, mara 15 kwa seti tatu, kila siku nyingine. Wiki ya kwanza na ya pili uwanjani hakuna aliyeruhusiwa kukimbia kwa kasi yake yote. Tulicheza dakika tano tano, mara nne. Kasi kamili ilikuja wiki ya tano. Wazee wa timu, waliopita miaka thelathini na tano, niliwaongezea wiki mbili. Walinung'unika, lakini hakuna kano iliyochanika msimu ule.

Aliyeugua ana njia yake nyingine. Mwongozo uliotolewa na madaktari wa michezo wa Uingereza mwaka 2020 ulisema apumzike angalau siku 10, na kati ya hizo awe na siku 7 bila dalili yoyote, kisha apande hatua kwa hatua: dakika 15 za kutembea au baiskeli nyepesi, halafu 30, halafu 45, halafu saa moja, asirudi mazoezi kamili kabla ya siku ya 17. Hatukuwa na vifaa vya kupima mapigo ya moyo, tukatumia mazungumzo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, uko pazuri. Hatari ni virusi kuuvimbisha msuli wa moyo. Kifua kubana, moyo kwenda mbio bila sababu, kizunguzungu, hayo yanakupeleka hospitali kupimwa umeme wa moyo, na mazoezi yanasimama siku hiyo hiyo.

Mama wa mmoja wa wale watatu alikuja kando ya uwanja siku kijana wake aliponiambia yuko tayari. Akanivuta pembeni. “Dokta mwanangu, huyu atakwambia amepona. Mimi nakaa naye. Akipanda ngazi huketi katikati.” Nilimrudisha kijana nyumbani, akapelekwa kupimwa, akacheza tena baada ya wiki tisa. Tangu hapo kwenye fomu zangu kuna nafasi ya jina la mtu anayeishi na mchezaji, na ninampigia simu huyo kabla ya kumruhusu mchezaji.

Daftari nimempa kocha jana. Nimechana nusu ukurasa ule wa usafiri na kuugandisha mbele kabisa, juu ya jalada, pamoja na orodha ya wachezaji wake niliyoipanga upya kwa mitaa wanayokaa. Kurasa za mipira nimeziacha nyuma.