Koho hadoni kwa njaa

Agosti ikiingia, simu yangu haipumziki. Watu wanataka koho, aina ya salmoni, na wengi hufika Ship Creek, kijito kinachopita katikati ya jiji la Anchorage, Alaska, wakiamini kwamba samaki ana njaa, basi mtupie chambo ale. Hapo ndipo wanapopotea. Salmoni huyu akishatoka baharini na kuingia maji matamu, kula ameacha. Amekuja kutaga, na akishataga anakufa. Mpasue utumbo uone: mtupu, umesinyaa.

Sasa mbona anadona? Hasira, ugomvi, au mazoea ya baharini, mimi sijali. Kazi yangu ni kumchokoza.

Natumia jigi: kichwa cha risasi cha gramu 10 hivi, ndoana moja, manyoya laini ya waridi au zambarau. Usiitupe kwenye mkondo. Koho hupumzika maji yalipotulia, nyuma ya gogo au kwenye kona yanapozunguka. Iache izame, tikisa ncha ya fimbo mara mbili, fupi fupi, kisha iache izame tena. Mara nyingi hudaka ikiwa inashuka, na hutasikia kishindo. Mshipi unalegea tu, kana kwamba chambo kimegusa chini kabla ya wakati. Vuta hapo hapo! Miaka yangu miwili ya mwanzo nilizungusha rili mfululizo kama mtu anayesaga nyama, nikirudi mikono mitupu nalaumu mwezi.

Samaki huingia na maji kujaa, na Cook Inlet, ghuba ambamo kijito hiki huishia, maji hupanda na kupwa hadi mita 9 hivi. Mtu wa Pwani bamvua anaijua, lakini tope la huku usilizoee: likikushika mguu, maji yanakukuta papo hapo.

Ukimpata, mfunue mdomo kwanza, maana sheria hutofautiana kwa kila aina. Koho ufizi wake ni mweupe kwenye mashina ya meno, chinuki, salmoni wa aina nyingine, ni mweusi. Madoa ya mkiani koho anayo upande wa juu tu.

Kisha kata matamvua damu itoke, mtie barafuni. Hana mafuta mengi kama chinuki, ndiyo maana mimi humbanika juu ya mkaa na kumpaka tui zito. Jirani yangu, mzaliwa wa huku, anadai nazi inaficha ladha ya samaki. Hatujaafikiana.