Kompyuta imegoma kuwaka? Usikimbilie kupiga Windows

"Imekufa hiyo, hadi diski imeungua." Shemeji yangu wa Sakina aliambiwa hivyo na fundi mmoja hapa Arusha, kompyuta haijachomekwa hata kwenye umeme. Kumbe ilikuwa inawaka vizuri tu: feni inazunguka, nembo inatokea, vidoti vya Windows vinaanza kuzunguka, halafu skrini ya bluu, inajizima na kuanza upya. Mashine inayofika hapo mara nyingi bodi yake ni nzima. Wakati vidoti vinazunguka ndipo draiva (programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuendesha vifaa vya kompyuta) zinapakiwa, na kwa kuwa nyingi hufanya kazi ndani kabisa ya kiini cha mfumo, moja mbovu inatosha kuangusha kila kitu. Julai 19, 2024 kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zilianguka kwa mtindo huo kwa sababu ya sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Tiba kwa nyingi ilikuwa kuingia Sefu Modi ("Safe Mode", yaani kuwasha Windows na vitu vya msingi tu) na kufuta faili moja.

"Bonyeza F8." Kuingia Sefu Modi kwa njia hiyo ni enzi ya Windows 7. Tangu Windows 8, njia hiyo imefungwa mpaka uifungue mwenyewe. Siku hizi unawasha, na vidoti vikianza kuzunguka unashikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia mara mbili au tatu, itakuletea yenyewe skrini ya ukarabati. (Wenye kompyuta za mezani ambao umeme huwakatikia hovyo wameshaiona bila kuiomba.) Pita "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", kisha bonyeza 4 uingie Sefu Modi. Ikidai namba ya tarakimu 48, huo ni ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalolinda diski. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, uutazame kwa simu.

Ndani ya Sefu Modi kila kitu kinaonekana kikubwa na kibaya. Usiogope, Windows inatumia draiva zake za msingi tu. Fungua "Device Manager", tafuta kifaa ulichokisasisha karibuni, kibonyeze mara mbili, na kwenye "Driver" bonyeza "Roll Back Driver", irudi draiva ya zamani. Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna toleo la zamani lililohifadhiwa. Basi iondoe draiva yenyewe.

"Dawa ni kupiga Windows upya." Ndiyo, ila ya mwisho. Fundi mwenye haraka anafuta diski C yote, na picha za kipaimara cha mtoto zilikuwa humo humo.

"System Restore itafuta mafaili yangu." Haigusi picha wala nyaraka; inarudisha mfumo na draiva nyuma, na programu ulizoweka baada ya tarehe hiyo zitaondoka. Lakini lazima iwe ilikuwa imewashwa tangu awali.

"Draiva mpya ndiyo bora." Bora ni ile ya mtengenezaji wa mashine yako, kwa modeli yako. Iliyomwangusha shemeji ililetwa na programu ya bure ya "kutafuta draiva", aliyoishusha ili gemu la mtoto liende kasi.